Unyoya Bila Karatasi

Kanga akichinjwa Ruaruke jioni, manyoya yake hayana maisha marefu. Maji ya moto yanamiminwa kwenye beseni, ndege anatumbukizwa, ananyonyolewa upesi kabla hajapoa, na lundo la manyoya meusi yenye madoa meupe linatupwa nyuma ya jiko. Upepo unabeba mengine, kuku wanachakura mengine, mvua inamalizia. Fundi cherehani huenda akaokota moja refu la bawa la kutilia mafuta kwenye mashine, bibi akachukua jingine la kusafishia masikio, na habari inaishia hapo.

Ruaruke ni kata ya Wilaya ya Kibiti, huko ambako nchi kavu ya mikorosho na minazi inateremka kuelekea mpunga na mikoko ya delta ya Rufiji. Ndege wa kitoweo hawajawahi kuwa wageni huku: kanga wa mbugani, kororo mwenye shungi anayejificha vichakani, kwale, tombo, na bata wakati mto umejaa. Kwa mkulima, ndege alikuwa mwizi kwanza, nyama baadaye. Kanga hufukua mbegu. Ndege wadogo hunyonya punje ya mpunga ikiwa bado ina maziwa. Ndiyo maana Warufiji walijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, familia ikahamia humo miezi ya kuamia, watoto wakipiga makelele na kurusha mabonge ya udongo tangu alfajiri hadi magharibi. Aliyenaswa kwenye tanzi aliliwa. Manyoya hayakuwa na soko. Majahazi yaliyotoka kwenye midomo ya mto yalibeba boriti za mikoko kwenda Arabuni, na mchele kwenda visiwani. Unyoya haukuhesabiwa na nahodha yeyote.

Tena, mtu ambaye angetaka kuyaweka angepambana na hewa yenyewe. Unyoya umeumbwa kwa kitu kilekile kinachofanya ukucha na nywele, na ukikauka vizuri hauozi kirahisi. Adui yake ni mdudu. Viwavi wa nondo wa nguo huutafuna uzi kwa uzi mpaka ubaki uti mtupu, na funza wa mende wa ngozi huanzia kwenye shina, pale palipobaki chembe ya nyama au mafuta. Unyevu wa delta huongeza ukungu juu yake. Watu wa pwani wana maarifa ya kupigana na viumbe hao: majani makavu ya mwarobaini katikati ya nguo, karafuu ndani ya sanduku, moshi wa jikoni unaolinda mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa darini. Lakini maarifa hayo yalitumiwa kwa vitu vyenye thamani, yaani mbegu na nguo za sikukuu. Nani angechoma udi kwa ajili ya takataka za kanga?

Aliyeyapa manyoya ya pwani hii thamani ya namna nyingine alikuwa daktari. Gustav Fischer, Mjerumani, alifika mwaka 1876, akasafiri Witu na Mto Tana, kisha akakaa Unguja akitibu wagonjwa na kukusanya ndege. Ngozi alizotuma Berlin zilipokelewa na Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya huko, ambaye baadhi ya ndege hao aliwapa jina la Fischer: shorobo wa misitu ya pwani mwaka 1878, na kasuku mdogo wa nyika za Serengeti mwaka 1887, daktari mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Kati ya 1900 na 1905 Reichenow alitoa vitabu vyake vikubwa kuhusu ndege wa Afrika. Sehemu kubwa ya aliyoyaandika kuhusu upande wetu aliyasoma kwenye ngozi zilizojazwa pamba, mezani kwake Berlin.

Ngozi ya namna hiyo hutengenezwa taratibu, na mkono usio na subira huiharibu. Ndege akishapigwa, mdomo na matundu ya risasi huzibwa kwa pamba ili damu isichafue manyoya. Hatiwi kwenye maji ya moto. Maji ya moto hulainisha ngozi na kuvunja umbo la unyoya. Mchunaji hupasua kidogo kuanzia mwisho wa kidari kuelekea mkiani, kisha huisukuma ngozi kwa kidole, polepole, akinyunyizia unga au vumbi la mbao linalonyonya mafuta na maji maji. Mapaja hukatwa kwa ndani, halafu mzizi wa mkia, halafu mabawa, mpaka ngozi ipinduliwe juu ya kichwa kama soksi na ubongo utolewe. Bata ndiye mtihani. Mafuta yake yasipokwanguliwa yote, kwa miaka yanachacha na kuiunguza ngozi kutoka ndani, manyoya yanadondoka bila kuguswa na mdudu.

Kisha inapakwa dawa. Dawa ya zama hizo ilikuwa sabuni ya aseniki, iliyobuniwa karne ya 18 na Jean-Baptiste Bécoeur wa mji wa Metz, Ufaransa. Bwana huyo aliificha siri ya mchanganyiko wake mpaka alipofariki mwaka 1777, ikachapishwa na wengine baadaye: aseniki, sabuni, kafuri, chokaa na chumvi ya potasi. Ni sumu kali, na ngozi za karne ya 19 bado zinayo. Wafanyakazi wa makumbusho huzishika kwa glavu hadi leo. Ila mende wa ngozi alikoma.

Baada ya hapo pamba inajazwa, mabawa yanabanwa ubavuni, ndege anazungushiwa ukanda wa karatasi akauke, na mguuni anafungwa kipande kingine cha karatasi chenye mahali, tarehe, dume au jike, na jina la mkusanyaji. Kipande hicho ndicho kinachotenganisha kielelezo na pambo. Unyoya wa kanga ni mzuri popote. Unyoya wa kanga ambaye inajulikana alipigwa wapi na lini ni ushahidi wa mahali pale siku ile. Wachunaji wenyewe, vijana wa pwani na wapagazi waliofundishwa kazi hiyo kambini, mara nyingi majina yao hayakupata nafasi kwenye karatasi.

Wakati huohuo serikali ya Kijerumani ilikuwa na karatasi zake. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji, akadai leseni na kutenga hifadhi mbili, moja magharibi ya Kilimanjaro na nyingine upande wa Rufiji. Vitabu vya uhifadhi huisifu amri hiyo kuwa mwanzo wa busara. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala ya mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, jirani wa Rufiji, anaonyesha upande mwingine: marufuku ya kuwinda kwa nyavu, pamoja na wanaume kuondolewa kwenda kufanya kazi za wakoloni, viliwaachia nguruwe pori mazao, na wanawake wakabaki na njaa mashambani. Mwaka 1905 vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vikawaka, na mganga wake mkuu, Kinjikitile Ngwale, alitokea Ngarambe, Rufiji hiihii. Kwa maoni yangu, historia ya ndege wa kuwinda isiyomtazama mtu aliye juu ya dungu ni historia ya upande wa mwenye bunduki peke yake.

Huko Ulaya na Marekani kilikuwa kipindi cha wazimu wa kofia. Manyoya marefu ya yangeyange, yale yanayoota wakati wa kutaga tu, mwanzoni mwa karne ya 20 yaliuzwa kwa bei iliyoipita dhahabu ya uzito uleule. Mbuni wakafugwa Afrika Kusini kwa maelfu, hadi soko lao lilipoanguka mwaka 1914. Wanawake wa Uingereza walioanzisha chama cha kuwatetea ndege karibu na Manchester mwaka 1889 walipigana miaka zaidi ya thelathini kabla ya Bunge lao kupitisha, mwaka 1921, sheria ya kuzuia manyoya ya kigeni kuingizwa nchini. Rufiji haikuwa kituo cha biashara hiyo. Huku kelele ilikuwa ya aina nyingine.

Kuanzia Septemba 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikono ya delta, eneo la Salale, mpaka Waingereza walipoleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, wakaimaliza tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa na kukokotwa vitani; mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Mwili wa meli ulibaki ukila kutu, ukavunjwavunjwa kwa chuma chakavu miaka ya 1960, na kilichosalia kikamezwa na tope. Linganisha: zaidi ya tani elfu tatu za chuma zimetoweka ndani ya miaka hamsini, na manyoya aliyochuna Fischer karibu miaka arobaini kabla ya meli kuzama bado yako kwenye droo kavu Berlin, jengo moja na mifupa ya dinosaria mkubwa aliyefukuliwa Tendaguru, kusini mwa nchi yetu.

Kulikuwa na soko la tatu la manyoya, dogo kuliko kofia na lenye uhai mrefu zaidi: nzi wa bandia. Mvuvi wa mchezo huko Ulaya hufunga uzi, sufu na manyoya juu ya ndoana ndogo mpaka ionekane kama mdudu anayeelea. Kitabu cha Kiingereza kilichochapwa mwaka 1496 tayari kinaagiza bawa la kwale kwa mmoja wa nzi hao. Mwaka 1895 George Kelson alitoa kitabu kizima kuhusu nzi wa samaki wa salmoni, vitu vya fahari vilivyotaka manyoya ya ndege wa kila bara kwa ndoana moja. Unyoya wa kanga una kazi yake humo. Nyuzi zake zenye madoa hutumika kuwa miguu na koo la mdudu, na ukitiwa rangi ya buluu unashika nafasi ya unyoya wa buluu wa ndege wa Ulaya. Wanaotaka unyoya wa kazi hii huchagua kuliko mnunuzi wa kofia: uwe mzima, haujakunjwa, haujaoshwa mpaka mafuta yake ya asili yakaisha, na madoa ya kulia na ya kushoto yalingane.

Afrika Mashariki iliingia kwenye mchezo huu kwa njia ya samaki. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, yakabebwa na wapagazi mpaka Mto Gura katika milima ya Aberdare. Trauti wakashika, wakasambazwa, na baadaye wakapelekwa hata kwenye mito ya baridi ya Kilimanjaro na nyanda za juu kusini mwa Tanganyika. Wavuvi walowezi walihitaji nzi, nzi wa Uingereza walichelewa melini, na vidole vya Wakenya vikajifunza. Walowezi waliondoka, ufundi ukabaki. Leo nzi wanaofungwa Kenya wanauzwa kwa dazeni Uingereza, Marekani na Skandinavia. Kampuni ya Kiingereza ya Fulling Mill ina mafundi wake huko. Kijana wa Nairobi aliyeketi mbele ya koleo dogo la kubania ndoana anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kumwona trauti hata mmoja akimeza kazi ya mkono wake.

Ila manyoya mengi anayofunga hayatoki Kenya. Jogoo wanaotoa manyoya bora ya shingo wamezalishwa kizazi baada ya kizazi Marekani, hasa Whiting Farms ya Colorado, iliyoanzishwa mwaka 1989, na ngozi husafiri zikiwa zimekaushwa na kuoshwa tayari. Mwaka 2011 wanawake wa Marekani walianza ghafla kusuka manyoya hayohayo kwenye nywele. Saluni zikayanunua yote, bei zikaruka, wavuvi wakalalamika mpaka magazetini. Mtindo ukapita kabla jogoo wapya hawajakomaa.

Miaka miwili kabla ya hapo, Juni 2009, jambo baya zaidi lilitokea Tring, mji mdogo wa Uingereza ambako Makumbusho ya Historia ya Asili huhifadhi ngozi za ndege. Mwanafunzi Mmarekani wa muziki, fundi hodari wa nzi wa mtindo wa Kelson, alivunja dirisha usiku akaondoka na ngozi 299 za ndege wa rangi kali, baadhi zikiwa zimekusanywa na Alfred Russel Wallace karne moja na nusu nyuma. Makumbusho iligundua baada ya wiki kadhaa. Alikamatwa Novemba 2010, akapewa kifungo cha nje mwaka uliofuata. Baadhi ya ngozi zilizorudi zilikuwa zimekatwa karatasi zao za miguuni. Kwa muuzaji karatasi ni uchafu unaomwumbua. Kwa mtafiti, ngozi iliyokatwa karatasi haina tena cha kusema. Wallace alivumilia homa kwa ajili ya zile tarehe na majina ya mahali, na mkasi wa mtu mmoja uliyafuta.

Huku kwetu, kielelezo kilichobadilisha vitabu kilikaribia kuishia tumboni. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini katika misitu ya Udzungwa, milima ambayo maji yake huishia Rufiji, waliona ndani ya sufuria ya mchuzi miguu ya ndege ambayo haikufanana na ya kwale yeyote waliyemjua. Nyama ilikuwa imekwisha kwenda. Walitafuta, wakapata ndege wazima, vielelezo vikaenda Copenhagen, na mwaka 1994 Lars Dinesen na wenzake walimtangaza duniani: Xenoperdix udzungwensis, jenasi mpya kabisa, ambaye ndugu zake wa karibu wako kwenye misitu ya Asia. Mwaka 2003 Jon Fjeldså na Mtanzania Jacob Kiure wakaandika kuhusu kundi lingine, la milima ya Rubeho, lenye manyoya ya rangi tofauti kidogo. Wenyeji waliotega mitego kule juu walikuwa wakimla ndege huyo bila kuona ajabu. Manyoya yake yalinyonyolewa na kutupwa nyuma ya majiko ya Udzungwa miaka mingapi, hakuna droo inayoweza kujibu.

Nzi wa bandia nao wamefika mtoni. Kwenye Mnyera na Ruhudji, mito inayoingia Kilombero na hatimaye Rufiji, wageni hulipa fedha nyingi kuvua kwa nzi samaki wa meno makali wa jamii ya Hydrocynus, mmoja wao akiwa amepewa jina la nchi yetu na wanasayansi mwaka 1986, Hydrocynus tanzaniae. Nzi wao ni warefu kama kidole, wamefungwa manyoya na nywele, na samaki akiwapiga mara chache hubaki ndoana na uzi. Manyoya hayo yameletwa kwa ndege kutoka ng'ambo, mpaka kwenye bonde la mto ambalo upande wake wa chini kanga hunyonyolewa kila sikukuu.

Je, ya Ruaruke yangefaa? Yangefaa, kwa masharti. Kanga wa kufugwa, ambaye siku hizi anaonekana katika nyumba nyingi, mayai yake yakilaliwa na kuku, anatoa unyoya uleule. Lazima anyonyolewe akiwa mkavu, kabla ya beseni, na manyoya ya bawa, ya mgongo na ya kifua yatengwe papo hapo. Ukichanganya utalipwa bei ya mchanganyiko. Yaoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, yasuuzwe, yakaushwe kivulini yakigeuzwageuzwa, maana jua kali hupausha weusi. Halafu yafungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa ndani ya friza ya muuza barafu wiki mbili, yatolewe siku moja, yarudishwe tena. Baridi huua viwavi, na raundi ya pili huwakuta waliokuwa mayai. Aseniki haihitajiki. Sanduku linalofunga vizuri, majani ya mwarobaini, na jicho la kukagua kila mwezi wakati wa masika vinatosha.

Ugumu uko kwingine. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inahesabu manyoya ya mnyamapori kuwa nyara, sawa na pembe au ngozi, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Kanga wa mbugani na kanga wa uani wana madoa yaleyale. Afisa wa wanyamapori atakayefungua mfuko kituoni Kibiti hawezi kujua kwa macho ni wa yupi, na ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo mfugaji anayetaka kuuza hana budi kuandika kama walivyoandika wachunaji wa zamani: kijiji, tarehe, ndege wa kufugwa, nani alimfuga, na safari hii jina la aliyefanya kazi liwemo. Ofisi ya kijiji igonge muhuri. Mnunuzi wa nje atataka na cheti cha daktari wa mifugo, kwa hofu ya mafua ya ndege, na hicho kinaombwa kabla manyoya hayajafungashwa.